Kibuyu Nilichokisugua

Nilizaliwa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, huko Nakuru, na mama yangu alikuwa mtu wa sabuni. Meza, sufuria, sakafu, masikio yetu, vyote vilipigwa sabuni ya kipande, na penye ukaidi akaongeza magadi. Nilipoolewa huko juu ya Rongai, kwa watu wa ng'ombe, aliniusia jambo moja tu: nisimwaibishe. Wakwe wakiona uchafu, alisema, hawatakusema wewe, watanisema mimi.

Basi juma la kwanza, mama mkwe alipokwenda mtoni, niliviingilia vyombo. Sufuria ziling'aa. Kisha nikachungulia ndani ya kibuyu cha maziwa kilichoning'inia karibu na mlango. Cheusi tititi, masizi matupu! Kusema kweli nilishtuka. Kumbe maziwa niliyokaribishwa kila asubuhi yalitoka humu? Nikatia maji moto, sabuni, magadi na konzi ya mchanga, nikatikisa mpaka mikono ikauma. Maji yalitoka meusi mara nne, nami nikazidi kufurahi. Nikakianika juani, nikangoja sifa.

Mama mkwe aliporudi alikinusa. Akakinusa tena.

"Hii kibuyu umeosha na nini?"

"Sabuni, mama. Na magadi."

"Na mkaa yake?"

"Nimetoa yote," nikasema, tena kwa majivuno.

Akaketi chini. Hakugomba. Laiti angegomba, ningejua la kufanya, maana kugombezwa nilikuzoea.

Alichukua kijiti cha mti wanaouchoma kwa kutia vibuyu mkaa, akakitia motoni mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akaisugua ndani ya kibuyu pande zote. Akamimina maziwa, akayaacha yalale, akaonja, akatema. Alijaribu siku tatu. Sabuni ilikwisha kunywewa na kibuyu chenyewe. Mimi nilikaa kando nimeduwaa. Anakitia masizi ili kiwe safi? Maisha yangu yote masizi tuliyakimbiza kwa mchanga. Hapa yanatiwa kwa makusudi, na sabuni ndiyo uchafu? Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha. Haukuwepo.

Siku ya nne akakijaza mbegu za mtama, kazi ya kibuyu kisichofaa tena, akatoa kingine kipya na kuniketisha karibu naye mekoni.

"Kwenu maziwa mlikuwa mnaweka wapi?"

"Kwa chupa, mama."

Akanishika mkono. "Pole, mtoto yangu. Si makosa yako. Hakuna mtu alikufundisha."

Nimwambie nilifundishwa, tena kwa kofi? Basi aliyenifundisha ndiye aliyeharibu kibuyu. Ninyamaze? Basi sikuwa na mlezi. Nilinyamaza, na hadi leo sijui kama nilichagua vyema. Naye akaanza kunielekeza taratibu, kwa upole mwingi, jinsi mtu anavyomwelekeza mtoto aliyekua bila mama. Na wangu alikuwa hai, pale Nakuru tu.