Rangi Mbichi

Mama mkwe alikataa fundi. Nyumba anayoiuza anaipaka rangi mwenyewe, nyeupe tupu, kama dalali alivyoshauri. Hatulii. Anaacha ukuta wa sebule nusu, anakimbilia jikoni, anarudi na brashi inayodondosha. Nikimwambia apumzike, anajibu, “Nikikaa nitaganda, mwanangu.” Pakikaribia kukauka, anagusa kwa kidole, pabaki alama, apake upya. Leo dalali alikuja na wanunuzi, akawaacha getini.

“Mama, waingie?”

“Rangi bado mbichi, baba. Watachafua nguo.”

Dalali akabandika kiganja kizima ukutani, akakitazama. Kilikuwa kikavu, hakina hata doa. Akamtazama na mama mkwe, ambaye alikuwa ameshageuka kutafuta brashi. Akatia mkono mfukoni, akatoka kuwaambia wageni waje siku nyingine.