Nilinywa Bwawa la Kaka

Jamani, mnaonijua mnajua sina tabia ya kutunga. Mimi niliwahi kupata nafuu kwa kunywa uchafu wa bwawa la maji taka.

Haya, tulieni niwaeleze.

Nina ugonjwa wa kinga. Yaani askari wa mwilini, badala ya kupigana na vijidudu, wanakugeukia wewe mwenyewe. Wangu walikuwa wamezikalia kooni figo zangu.

Hospitali walinipa vidonge, wakanionya nisije nikaviacha ghafla. Vilisaidia, lakini vilinivimbisha uso mpaka kitindamimba wangu akawa hataki nimbebe. Hilo liliniuma kuliko figo zenyewe.

Sasa, kaka yangu ni mwanasayansi. Nyumbani tunamwita Profesa Chura, maana maisha yake yote yako mabwawani. Alianza kwa kufuga mwani, ule utando wa kijani juu ya maji, ili usafishe maji taka. Ukasafisha kweli. Akaukamua ukatoa mafuta, akawashia jenereta ya maabara. Tukampigia makofi.

Makapi yaliyobaki akawalisha panya wenye ugonjwa kama wangu. Panya wakachangamka.

Alikuja kwangu mbio, hata viatu hakuvua.

"Mdogo wangu, nimepata!"

"Umepata nini? Mke?"

"Mke wa nini! Nimepata dawa yako, wewe!"

Nikaanza kunywa makapi hayo, yamekaushwa na kukorogwa kwenye maji, asubuhi na jioni. Ule mkorogo ulivyonuka, we acha tu. Lakini viungo viliacha kuuma, na mkojo ukaacha povu. Uso tu ndio uligoma kupungua vizuri. Kaka akasema nimpe muda, na vidonge niachane navyo kidogo kidogo. Nikaachana navyo.

Balaa lililetwa na huruma. Bwawa lile lilipokea maji yote ya hospitali kubwa, vyoo na mabafu yake. Kaka akaona vibaya kumnywesha mdogo wake kitu cha namna hiyo. Akachimba bwawa jipya, akalijaza maji safi ya bomba, akahamishia mbegu ya mwani ule ule.

"Sasa unakunywa kitu cha heshima," akaniambia. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Haikuchukua muda. Nilianguka jikoni na sufuria mkononi. Natapika, presha iko chini, miguu haibebi. Nilipozinduka nilikuwa wodini, na kaka amesimama pembeni na koti lake la maabara.

"Panya nao wanakufa," akasema.

"Panya wananihusu nini mimi?"

"Nao niliwahamishia bwawa jipya."

Akaondoka bila kuaga. Alikwenda kuupima mwani wa bwawa la zamani, kipimo ambacho hakikuwahi kumjia akilini. Nani anatafuta dawa za hospitali ndani ya mwani? Aliporudi alikuwa amezeeka.

"Ni vidonge vyako," akasema. "Vile vile. Wagonjwa wanavimeza, vinatoka nao chooni, vinafika bwawani, mwani unavifyonza. Halafu mimi naukausha na kuukoleza. Mwani wenyewe hauna kitu."

Mmeelewa lakini? Muda wote ule nilikuwa nakunywa dawa niliyoikimbia, ikiwa imeshapita matumboni mwa watu nisiowajua. Na siku aliyonipa kilicho safi, ndiyo siku aliyonikatia dawa ghafla.

Ugonjwa ulikuwa umerudi kwa kishindo, na figo hazikupona. Haya nayaandika nimelala kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka ndiye anayenileta, lakini haingii ndani, anabaki kwenye gari. Nimeshamwambia sina kinyongo naye. Anaitikia kwa kichwa tu, na mimi roho inaniuma.

Somo ni moja. Mtu anayekupenda akikuletea dawa, mwambie aipime kwa ukali ule ule ambao angeipima kama imeletwa na adui yake.

Kaka alitaka sana nipone. Ndiyo maana aliamini haraka.