Kitambaa cha Kuvaa Ulimwengu

Watu walimwita Sindano. Si kwa wembamba, maana mwili alijaliwa, bali kwa ulimi: akiuliza swali, lazima lichome. Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za shule na kofia katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini, yeye dirishani, dada yake mlangoni, cherehani zao zikijibizana tangu asubuhi. Shule yenyewe aliiacha darasa la saba, mama yao alipougua na mtu wa kumuuguza akatakiwa. Hesabu alizipenda mno. Akabaki kuzifanyia kazi mabegani na viunoni mwa watu.

Siku moja mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani aliingia na oda ya ajabu: kitambaa cha mviringo, cha kuvutika, upana mita mbili, chenye pindo la kupitishia bomba.

"Cha kumvalisha nani hicho?" dada mtu aliuliza.

"Cha kuvaa ulimwengu, dada."

Dada akamtupia mdogo wake jicho la "haya, huyu naye". Lakini Jumatano kitambaa kilikuwa tayari. Mwalimu hakungoja kufika shuleni. Alikitandaza pale pale juu ya viti, akakikaza kwa bomba la duara alilokuja nalo, akaweka katikati tufe la chuma la wanariadha. Kitambaa kikabonyea. Akarusha gololi pembeni. Ikalizunguka tufe mara tatu, mara nne, kisha ikaliangukia.

"Ndivyo dunia inavyozunguka jua," alisema, uso umemchangamka. "Jua halivuti kwa kamba. Limepinda nafasi, huu uwazi wenyewe uliotuzunguka, na dunia inafuata njia iliyopo."

Sindano alikuwa ameegemea meza, mkasi mkononi. "Samahani, mwalimu. Hiyo gololi inateremka kwa nini?"

"Kwa sababu kitambaa kimebonyea."

"Na penye bonde inateremkia nini? Si kwa kuvutwa na ardhi huku chini? Basi umenieleza mvuto kwa mvuto."

Dada mtu alicheka hadi pini zikamtoka midomoni. "Pole, mwalimu. Ndiyo maana tunamwita Sindano."

Mwingine angenuna. Huyu alivuta benchi la wateja akaketi. "Mama, miaka tisa nafundisha kwa mfano huu. Kasoro hiyo naijua, ila naipita kimyakimya, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunikamata."

Chai ikamiminwa, akawasimulia. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kijana mmoja mwajiriwa wa ofisi ya kusajili uvumbuzi alishikilia kwamba kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila anayeipima. Kama hilo halibadiliki, basi kinacholegea ni wakati: saa ya anayekwenda mbio, ukiilinganisha na yako uliyesimama, huchelewa. Nadharia ikakubalika, lakini mvuto ulibaki nje yake. Ilimchukua yule bwana karibu miaka kumi kuuingiza, na ilibidi rafiki yake amsaidie kwanza kupata hesabu za maumbo yaliyopinda.

"Yaliyopinda," Sindano alirudia. "Kama bega."

"Bega?"

Sindano alitandaza kipande cha kitambaa juu ya bega la sanamu la kupimia nguo. Kikajikunja huku na huku. "Kitu bapa hakikubali bega mpaka ukikate au ukikunje. Sasa tazama hapa." Akavuta kile kichwa cha mbao anachoshonea kofia, akabandika tepe mbili ukingoni, sambamba, akazipandisha zote moja kwa moja. Juu utosini zikakutana. "Sikupinda hata moja, na hakuna aliyezivuta. Zimekutanishwa na umbo la kichwa."

Mwalimu alisimama, kikombe mkononi. "Jumamosi wazazi wanakuja kwenye maonyesho. Njoo uwaambie hayo."

"Mimi? Wa darasa la saba?"

"Nenda," dada yake alimsukuma. "Miaka yote unanichoma mimi peke yangu. Kawachome na wenzangu."

Jumamosi alisimama mbele ya watu kama sabini, akibandika tepe kwenye kichwa chake cha mbao. Tepe ya kwanza ikabanduka, ikaanguka sakafuni. Baba mmoja akacheka.

"Mnaona?" Sindano alisema, akiiokota. "Mvuto umenitangulia kabla sijaueleza."

Ukumbi ukaangua kicheko, na hofu ikamtoka. Alizibandika upya, akazipandisha taratibu, akawaacha wajionee wenyewe zikikutana. Msichana mmoja, mwanafunzi wa fizikia, aliuliza wakati nao unaingilia wapi. "Hapo, binti yangu, mimi fundi wa nguo. Muulize mwalimu."

Mwalimu akadakia: wakati nao hupinda pamoja na nafasi. Saa zilizo kwenye satelaiti haziendi sawa na za huku chini, na zisiporekebishwa, ramani ya simu itakupeleka siko. Wengine wakaiendeleza nadharia ile ile: wakaona kwenye hesabu zake nyota zilizoporomoka hata mwanga hautoki, wakaona ulimwengu unatanuka. Mitetemo ya nafasi yenyewe ilinaswa na vyombo baada ya miaka mia moja hivi.

Sindano alisikiliza amesahau kukaa.

Mwaka uliofuata alijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Hesabu alipasua, historia ilimtoa jasho. Sekondari ile nayo humwalika kila maonyesho, na mwalimu hupita mara kwa mara, suruali ya kupunguza mkononi hata kama haijazidi.

Majuzi Sindano alimuuliza kama nadharia ile inafaa pia kwa vitu vidogo kabisa, chini ya atomu.

"Hapo nadharia mbili hazijapatana," mwalimu alikiri. "Ya vitu vidogo inasema lake, hii inasema lake. Mabingwa wa dunia nzima wanahangaika."

"Wakikwama waje hapa," dada mtu alisema bila kuinua macho. "Ila waje baada ya sare za muhula mpya."