Siku Nyumba Yetu Ilipopewa Jina

Hadi leo nikipita mbele ya kibanda cha fundi wa kuchora mabango mjini Embu, harufu ya rangi ya mafuta ikinipiga puani, huwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Husimama nikajifanya natafuta kitu mkobani, nikangoja hali hiyo ipite. Wenzangu huipenda harufu ile, wanasema ni harufu ya vitu vipya. Mimi hunirudisha Kibugu, kwenye baraza ya nyumba ambayo bado haikuwa na mapazia. Fundi mmoja mwenye kikohozi amepiga magoti juu ya magunia akichora herufi kwenye ubao, na mama yangu amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Nyumba ilikuwa ya mawe. Miaka ile uhuru ulikuwa ungali mchanga na chai ndiyo kwanza imeanza kuwainua watu wa upande wetu wa msituni, kwa hiyo nyumba ya mawe ilikuwa jambo la watu kuja kuangalia Jumapili baada ya kanisa. Walipapasa kuta. Waligonga mlango kwa vidole wakasikiliza mlio wake. Baba, Njiru, alikuwa afisa wa kilimo mjini Embu. Alikuja nyumbani kila Ijumaa kwa pikipiki, suruali imelowa hadi magotini, na nyumba ile aliijenga polepole, chumba baada ya chumba, huku sisi tukiishi katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma yake.

Mama hakuwa mtu wa Kibugu. Alizaliwa Majengo, Meru, binti wa mzee Rajabu aliyekuwa na bucha karibu na msikiti. Baba alipopelekwa kufanya kazi Meru akiwa kijana, alipanga chumba katika ua wao, na yaliyofuata mnaweza kuyajaza wenyewe. Babu alinuna sana mama alipobatizwa akaitwa Esta. Kisha dada yangu Muthoni akazaliwa, Babu akafika Kibugu na kwato za ng'ombe za kumchemshia mzazi supu, yakaisha. Muthoni alipewa jina la mama yake baba, kama ilivyo desturi kwetu. Mimi wa pili nikapewa la mama yake mama: Halima. Halima wa Njiru, mtoto wa shule ya Jumapili. Mwalimu alilitaja jina hilo kwa tahadhari, kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa.

Tata hakulitaja kabisa. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa Rakeli, dada mkubwa wa baba. Yeye aliniita Harriet. "Harriet, leta kiti." Mara ya kwanza niligeuka kuangalia ni nani amesimama nyuma yangu.

Alikuwa ameolewa na mtu wa serikali, nao waliishi Nairobi katika nyumba za serikali zenye namba mlangoni, wakihamishwa leo hapa na kesho pale. Alipotutembelea alikuja na gari jeupe na biskuti za mkebe. Nikisema alikuwa mkali nitakuwa nimewapotosha, kwani hakupaza sauti hata siku moja. Alikuwa tu na namna yake ya kukitazama kikombe kabla ya kukinywea, na mama, aliyekuwa amekisugua kikombe hicho kwa majivu hadi kikang'aa, alimtazama akikitazama. Pilau ya mama aliiita chakula cha hoteli. Na baba, ambaye ofisini watu walimwogopa, mbele ya dada yake alikuwa mtoto. Sababu tuliijua. Baba yao alifariki mapema, na Tata ndiye aliyemsomesha. Alifanya kazi mbali, "kwa wazungu," ndivyo ilivyosemwa, na mazungumzo yalikatika hapo.

Tata ndiye aliyeamua kwamba nyumba ya mawe haiwezi kukaa bila jina.

"Watu waseme wanaenda kwa Njiru?" alimwambia baba. "Hata mwenye kibanda cha nyasi ana kwake. Nyumba kama hii huandikwa jina."

"Jina gani basi?"

"Sunny Glen," akasema papo hapo, kama mtu aliyekuja nalo mdomoni safari nzima.

Baba alichungulia kamusi yake. Akatufafanulia kwamba maana yake ni bonde lenye jua. Sasa mtu akiwa ameishi Kibugu, mahali ambapo mwezi wa Julai nguo hukaushiwa juu ya moto na ukungu huingia ndani kama jamaa wa nyumbani, atamwelewa mama yangu. Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimemtoka bila kupenda, lakini Tata alikisikia, na alipogeuka kumtazama mama nilihisi baridi mgongoni. Majirani wao walilipenda jina. "Sanigireni," walisema kwenye kituo cha kupimia majani chai, wakilirudia kama watoto wanaofyonza peremende. Hawakuwa na ugomvi nalo.

Ugomvi ulianza kwa habari ya wageni. Nyumba ilikuwa ibarikiwe Jumamosi moja, mchungaji aje, utepe ukatwe, ubao ufunuliwe. Alasiri moja Tata na baba walikaa sebuleni katika nyumba ya mbao wakipanga. Mimi na mama tulikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, naye alikuwa akikata mboga huku mimi nikiambua maharagwe. Ukuta wa mbao hauna siri.

"Na watu wa upande wa Mama Muthoni?" baba aliuliza.

"Waje siku nyingine," Tata akajibu. "Siku yao peke yao, watulie, wale vizuri. Siku hiyo mkubwa wako wa kazi atakuwepo, na marafiki wa mzee wangu kutoka Nairobi. Yule mzee wa bucha utamkalisha wapi? Ataongea nao nini?"

Nilimngoja baba aseme kitu. Nilingoja kwa mwili mzima.

"Tutaona," baba akasema.

Kisu cha mama kilikuwa kimenyamaza. Kisha kikaanza tena juu ya ubao, polepole kuliko mwanzo. Mama hakunitazama, na kutonitazama kwake ndiko kulikonitia hofu.

Kuanzia hapo mama aliacha kuimba. Kila kitu alikifanya sawasawa. Alishona mapazia, akapaka chokaa mawe ya njiani, akamkaribisha Tata kwa heshima zote, lakini sauti yake ilikuwa kama redio iliyopunguzwa. Siku moja nilimkuta amevuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, lile alilokuja nalo kutoka Meru, analifuta vumbi. Shuleni kwetu kulikuwa na msichana ambaye mama yake alikuwa amerudi kwao. Alikuja darasani bila kuchana nywele, na hakuna aliyemuuliza. Nikaanza kumfuata mama kila mahali, kisimani, shambani, hadi mlango wa choo.

"Halima, umekuwa mkia wangu?" akaniuliza.

Kila alfajiri nililala macho wazi nikisikiliza kama kuni zinavunjwa jikoni. Nikisikia zinavunjwa, nilijua bado tunaye.

"Mama akienda Majengo," nilimuuliza Muthoni tukichuma chai, "atatuchukua?"

Muthoni alikuwa mkubwa na alijua mambo. "Watoto ni wa baba," akasema. Kisha akainamisha uso kwenye kikapu chake, nikaona mabega yakitikisika.

Jumamosi ilipofika ukungu ulipanda mapema na jua likawaka, jambo ambalo Tata alilipokea kama mtu aliyekuwa ameliagiza. Ubao ulikuwa umepigiliwa langoni, umefunikwa kitambaa cha meza. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mbele ya mlango wa nyumba. Mimi na Muthoni tulivishwa gauni za kufanana na kusimamishwa langoni na maua, kando ya Tata aliyekuwa akiwapokea wageni. Mkubwa wa baba alikuja, mtu mnene mwenye kucheka. Marafiki wa Nairobi wakaja na wake zao. Harufu ya mbuzi wa kuchoma ilikuwa ikitujia kutoka nyuma ya nyumba.

Hapo nikamwona Babu.

Alikuwa anapandisha njia ya katikati ya michai, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kufuma, akimvuta kondoo dume aliyegoma kila baada ya hatua chache. Alikuwa akimbembeleza kondoo yule kwa maneno, viatu vyake vimegeuka matope. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukaanguka kabla haujafika popote.

Tata alitoka haraka akamkuta nje kidogo ya lango.

"Hodi wenyewe," Babu akasema. "Nimeitwa na mwenye nyumba."

Sikuwa nimejua. Wala Tata hakuwa amejua, niliona shingo yake ikikakamaa. Baba alikuwa amempelekea Babu habari kimyakimya, kisha akakosa ujasiri wa kumwambia dada yake.

"Asante, mzee," Tata akamwambia kwa upole. "Nyama inapelekwa kule nyuma. Zunguka na hiyo njia ya ng'ombe, utawakuta vijana."

Yule mkubwa wa baba aligeuka. "Nani huyo?"

"Ni mzee wa nyama tu," Tata akasema.

Babu alisimama. Nilidhani atasema yeye ni nani, lakini aliyatazama yale mavazi ya wageni, akatazama viatu vyake. "Ndiyo," akasema taratibu. "Mimi ni mzee wa nyama." Kisha macho yetu yakakutana, akashindwa kujizuia, akatabasamu. "Mke wangu, hujambo?" Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilibeba jina la mkewe.

"Shikamoo Babu," nikasema. Sikukusudia kumwaibisha yeyote. Mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba."

"Babu yake?" mgeni akauliza.

Tata alicheka. "Watoto wa huku humwita kila mzee babu."

Mama alikuwa ametokea kwenye ngazi za nyumba. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alishuka na aproni yake ya jikoni, akapita katikati ya wageni kana kwamba ni mimea ya shambani, akafika langoni, akapiga goti palepale kwenye kokoto na kuubusu mkono wa baba yake kama wanavyofanya Majengo.

"Shikamoo baba. Umechoka na njia."

Akamwachia Muthoni kamba ya kondoo. Akamshika Babu mkono, wakatembea hadi mlango wa mbele, ambapo baba alikuwa amesimama na mchungaji, mkasi mkononi.

"Baba Muthoni," mama akasema, "kata utepe. Baba yangu amesimama."

Baba alimtazama mama. Akamtazama Tata kule langoni, dada aliyemlea na kumsomesha. Nilijua bila kuambiwa kwamba asipoukata, lile sanduku litatoka chini ya kitanda siku hiyohiyo. Nilikuwa nimebana maua hadi mabua yakavunjika.

Akaukata. Hakungoja maombi, hakutoa hotuba. "Karibu ndani, baba," akamwambia Babu. Mchungaji, Mungu ambariki, alianzisha wimbo kwa sauti kubwa kupita kiasi, na wageni wakaupokea palepale, wakifurahi kupata cha kufanya.

Tata aliondoka kabla ya chakula. Hakugombana na mtu. Alituaga mimi na Muthoni kwa kutushika mashavu, na vidole vyake vilikuwa baridi sana. Ubao haukufunuliwa siku ile, baba aliufunua mwenyewe baadaye, bila sherehe. Kwa miaka mingi Tata hakukanyaga kwetu. Krismasi baada ya Krismasi baba alikaa barazani, gazeti mikononi, na kila gari liliposikika bondeni gazeti lilishuka.

Tata alirudi akiwa mjane, amepooza upande mmoja, hana pengine pa kwenda. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Mama ndiye aliyempokea, akampa chumba chenye dirisha la mashariki. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimekuja na watoto wangu likizo, nilipomsikia alasiri moja akizungumza huku mama akimpaka mafuta miguuni.

"Sunny Glen ilikuwa nyumba ya mzungu kule Timau," alisema kwa ulimi mzito. "Nilikuwa yaya wao. Mlango wa mbele sikuutumia hata mara moja. Siku moja mvua ilinikuta na mtoto wao mgongoni, nikakimbilia barazani. Bibi mwenye nyumba akamchukua mtoto, akaniambia nizunguke."

Mama aliendelea kupaka. "Kwa nini hukutuambia, wifi?"

"Njiru alisoma kwa kazi ile. Ningemwambia nini? Na wewe ningekuambia?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Utotoni nilidhani ni mama peke yake aliyekuwa na hofu wiki zile, na mimi pamoja naye. Tata nilimwona kama mtu asiyejua hofu ni nini. Kumbe alikuwa amesimama pale langoni akiogopa kwamba yeyote kati ya wageni wale angeweza kumtambua na kumwonyesha njia ya nyuma, na alipomwona mzee mwenye matope viatuni, alimtanguliza yeye. Kulielewa jambo hilo hakukunifanya nisione tena uso wa Babu akisema yeye ni mzee wa nyama. Nauona hata sasa.

Mama alipotoka nilimuuliza kama amemsamehe.

Alifikiri, akijifuta mafuta mikononi. "Kumhurumia, namhurumia. Kusamehe bado najaribu. Kuna siku naweza, kuna siku siwezi."

Kisha akarudi ndani kumgeuza, maana alikuwa hawezi kulala ubavu mmoja kwa muda mrefu.