Mipira ya Dereva wa Kliniki

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu niliishi katika nyumba iliyofungwafungwa kama mzigo. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nyakato, Mwanza, nyuma ya viwanda, na mume wangu alikuwa dereva wa gari la kliniki lililozunguka vijiji vya kando ya ziwa kuchanja watoto. Alichokifanya ndani ya gari alikifanya na nyumbani. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na ukanda wa mpira juu ya mfuniko. Kabati la vyombo lilikuwa na mpira uliovuka milango yote miwili. Redio ilikaa kwenye rafu yake imefungwa kiunoni, na hata chupa ya chai ilikuwa na mkanda wake mweusi, uliopigiliwa ukutani kwa misumari.

Mipira hiyo aliitengeneza mwenyewe. Jumamosi alikuwa akienda kwa fundi pancha aliyekuwa karibu na geti la kiwanda, anarudi na tyubu za malori zilizochakaa, anaziosha kwa sabuni na kuzianika kwenye kamba pamoja na nguo zangu. Zikikauka, anakaa mlangoni kwenye kigoda na wembe wake, anakata vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Hakuwahi kuchora mstari, na kila kipande kilitoka kimenyooka. Nchani alikunja mpira, akaukaza kwa waya na kuweka kulabu. Alipenda zaidi tyubu za zamani, zile zenye wekundu kidogo, ambazo zilikuwa zimeanza kuadimika. Alisema zile zinavutika na kurudi. Hizi mpya zinavutika na kusahau.

Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa wakati huo. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari tulikuwa tunakwenda Mirongo kutazama tu, tunashika kitu na kukirudisha. Siku moja nikaona machinga anauza mipira kutoka ng'ambo, ya rangi, imevikwa uzi kama kitambaa, ina ndoano ncha zote mbili. Nikanunua miwili, mwekundu na wa kijani. Nilitembea kwa furaha mpaka nyumbani. Mume wangu aliuvuta mmoja polepole, akaachia, akauvuta tena.

"Asante sana, mama," alisema. "Huu utafaa kwa nguo."

Nilinuna siku nzima. Ule wa kijani ukawa kamba ya kuanikia leso.

Kusema kweli, mipira yake ilinichosha. Kila nikitaka sahani lazima nifungue, kila nikirudisha lazima nifunge, na mikono ilinuka tairi hata nikiwa kanisani. Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Magu alizunguka chumba kizima akivuta mpira mmoja baada ya mwingine, ukilia pwaa kila alipouachia. "Mwanangu," akasema, "hii mipila ni ya nini? Mnahama?" Nikaona aibu. Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba nyumba yetu haina magurudumu.

"Lori la kiwanda likipita, hujasikia vikombe?" akanijibu.

Nilikuwa nimevisikia. Vililia kila asubuhi. Lakini sikutaka kumpa ushindi.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua za masika, ratiba ya kliniki iliwapeleka hadi kijiji cha nyumbani kwetu, upande wa Mara, ambako mama yangu alikuwa anaishi. Muuguzi mkuu wa gari lile, mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Sista, aliniruhusu kwenda nao ili nikamsalimie mama. Nilikuwa sijamwona tangu harusi. Nilijaza kapu langu kwa siku tatu: sabuni za kunukia, sukari, doti ya kitenge, na pasi ya mkaa, mpya kabisa, nzito, yenye jogoo mdogo kwenye kufuli. Mama alikuwa ametumia pasi ya kuazima maisha yake yote.

Asubuhi ya safari mume wangu alipakia. Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi hiyo. Alianza na kasha la chanjo lenye barafu, akalikaza kwa mipira minne hadi likawa kama limezaliwa na gari. Kisha mizani ya kupimia watoto, jiko la mafuta la kuchemshia sindano, sanduku la kadi, dumu la maji, jeki, tairi la akiba. Kila alipomaliza kimoja alikitikisa kwa mikono miwili. Mwisho akachukua kapu langu, akaliweka sakafuni karibu na mlango wa nyuma, akapitisha mipira miwili juu yake kwa msalaba.

"Unanikunjia kitenge," nikasema.

"Kitenge kitapigwa pasi," akajibu, na Sista akacheka.

Tukaondoka. Mume wangu alikuwa mbele peke yake, Sista na mimi tumekaa nyuma kwenye viti vya pembeni, tunatazamana, yeye upande wa karibu na dereva, mimi karibu na mlango. Lami ilipoisha tukaingia barabara ya vumbi inayoshuka ziwani. Ziwa lilikuwa linaonekana na kupotea kati ya mashamba ya pamba na mihogo. Katika kituo kimoja mume wangu alishuka kuongeza maji kwenye rejeta, na mimi, kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kuongea habari za nguo, nikamwambia Sista nilichomnunulia mama.

"Hebu nikione hicho kitenge," akasema.

Nikafungua mipira miwili, nikatoa kitenge, tukakitandaza magotini. Kilikuwa cha bluu na njano. Sista alikishikashika, akauliza nilikokipata. Mume wangu akarudi na kuwasha gari. Nikakunja kitenge haraka, nikakirudisha juu ya pasi, nikavuta mpira wa kwanza. Kulabu haikufika. Nikavuta tena, ukaniponyoka na kunichapa kidole. Gari lilikuwa limeshaanza kwenda. Nikaiacha mipira yote miwili palepale sakafuni, nikarudi kukaa.

"Umefunga?" mume wangu aliuliza bila kugeuka.

"Nimefunga," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona tumekaribia, na kidole kilikuwa kinauma.

Hatukwenda mbali. Ng'ombe walitoka ghafla kwenye kichochoro cha minyaa, kundi zima, na ndama mmoja akasimama katikati ya barabara akitutazama. Mume wangu alikanyaga breki kwa nguvu zote. Nilishika chuma cha kiti. Kasha la chanjo halikusogea, mizani haikusogea, dumu lilinesa tu na kurudi mahali pake. Kapu langu liliruka. Nililiona likipita mbele ya magoti yangu likiwa limeinama, pasi ikatoka kwanza, na ikampiga Sista juu ya kifua, upande wa kushoto, pale bega linapoanzia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kijiti kinachokatika.

Hakupiga kelele. Alisema, "Yesu wangu," akashika bega, uso ukamwagika jasho. Sukari ilikuwa imetapakaa kila mahali.

Mume wangu akaja mbio kufungua mlango wa nyuma. Alitazama bega, akatazama pasi, kisha akatazama chini pale kapu lilipokuwa, na mipira yake miwili imelala mizima. Sista mwenyewe, kwa sauti ya kukatikakatika, alituelekeza namna ya kumfunga mkono. Tulitumia kile kitenge cha bluu na njano. Tukageuza gari, tukamrudisha Mwanza hospitali, na katika saa zile zote mume wangu aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo.

Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Siku iliyofuata mume wangu aliitwa ofisini kwao. Aliporudi alivua viatu, akakaa.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamenitoa kwenye gari. Nitakuwa gereji, naosha magari na kuziba pancha. Mpaka watakapoona."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia kulikuwa na mzigo ambao haukufungwa."

Alikwenda gereji wiki baada ya wiki. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi akijifunga viatu, mluzi ukakoma. Dereva mwingine alipita barabarani kwetu na gari lile, na mume wangu aliposikia mlio wake aligeuza uso upande wa ukuta. Mimi nilipika, nilifua, nilifunga na kufungua kabati bila kunung'unika, na kila nilipofanya hivyo nilijiona mnafiki. Mchana mmoja nikichambua mchicha, yeye akiwa amekaa karibu anakata mipira, nikashindwa.

"Siku ile uliponiuliza," nikasema, "nilikudanganya."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mpira haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa."

"Sasa mbona hukusema ofisini? Mbona hata mimi hukunigombeza?"

Aliendelea kukata mpaka mwisho wa kile kipande, akakiweka chini. "Mimi ndiye dereva," akasema. "Nilikuuliza mara moja tu, tena naendesha. Ningesimama nikaangalia kwa macho yangu. Siku zote huwa nasimama. Siku ile ulikuwemo wewe, nikataka tuwahi kwa mama."

Nililia juu ya mchicha. Baadaye akaniambia kwamba alipokuwa tingo, msaidizi wa dereva wa lori, zamani kabla hatujajuana, jeki iliyoachwa huru ilimponda mwenzake mguu, na tangu hapo hakuweza kuona kitu kimelala bila kufungwa akatulia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Nilikuwa nimeishi na mipira ile zaidi ya mwaka bila hata kuuliza vizuri.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda peke yangu nyumbani kwa Sista, Kiseke. Nilimkuta barazani, mkono bado umefungwa, anajaribu kupepeta mchele kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nipepetee huu, umenishinda."

Nikachukua ungo. Nilipepeta kwanza, ndipo nikamweleza yote: kwamba mume wangu alikuwa amefunga, mimi nilifungua, na nikasema uongo. Nikasema nitakwenda ofisini kulisema hilo.

Sista aliweka mkono wake mzima juu ya ungo. "Unadhani mimi nilikuwa wapi?" akauliza. "Si nilikuwa nimekaa mbele yako? Niliiona mipira ikiwa chini. Nilikusikia ulivyomjibu. Na mimi ndiye niliyetaka kuona kitenge."

"Mbona hukusema, Sista?"

"Nilisema moyoni, tumekaribia." Akashusha pumzi. "Nimefanya kazi hii tangu wewe hujazaliwa. Mimi ndiye niliyepaswa kukuonya. Ofisini hawajaniuliza, nami nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Sasa nitakwenda mwenyewe. Wewe endelea na mchele."

Sikuwahi kujua alichowaambia. Alipopona na kurudi kazini, mume wangu alirudishiwa gari. Lakini Sista hakuishia hapo. Mkono wake wa kushoto haukupata tena nguvu ya kuinua vitu, akaomba apewe mtu wa kumsaidia kuandika kadi na kubeba. Walipomuuliza anamtaka nani, akanitaja mimi.

Mume wangu aliniletea habari hiyo akicheka mpaka machozi. "Utakaa palepale karibu na mlango," akasema, "na mimi nitakuwa nasimama."

Kweli, alikuwa anasimama. Miaka miwili tulizunguka pamoja sisi watatu, na sasa nikiwa mtu mzima naikumbuka kama watu wanavyokumbuka utoto. Tuliondoka Mwanza jua likianza kugusa mawe ya mlimani. Kila baada ya kona mbaya alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatikisa kila mzigo kwa mikono miwili; na mimi nikatikisa kila mzigo pamoja naye, tukianza yeye kushoto na mimi kulia, tukikutana kwenye kasha la chanjo. Vijijini wanawake walikuwa wameshapanga mstari, watoto mgongoni, pembeni mwa dagaa walioanikwa mchangani. Nilining'iniza mizani kwenye tawi, nikaandika kadi, nikawashika watoto miguu wakati Sista akichanja kwa mkono wake wa kulia. Kazi ikiisha tuliosha vyombo, tukala samaki waliotupikia akina mama wa pale, tukainamia maji ya ziwa kunawa.

Kwa mama yangu tulifika mwezi wa pili wa safari hizo. Nilimpelekea kitenge kingine, na pasi ileile, imebonyea kidogo ubavuni. Nilimweleza ilivyotokea. Aliipima mkononi, akamtazama Sista, akaingia ndani na kurudi na kuku mweupe, akampa kwa mikono miwili akipiga goti. Sista alikataa, kisha akapokea.

Yule kuku alirudi nasi hadi Mwanza, miguu imefungwa, na mpira mmoja laini wa tyubu nyekundu umepita juu ya mbawa zake. Sista ndiye aliyeufunga, kwa mkono mmoja na meno, na hakutaka mtu amsaidie.