Hawe Alivyomuaga Mtu wa Sinema

Harufu ya petroli bado hunifurahisha, Mungu anisamehe, maana kwetu Changamwe wakati wa vita ndiyo iliyotangulia sinema. Lilikuja gari la serikali lenye injini ya kuzalisha umeme iliyoguruma na kufuka moshi, na kabla hawajamaliza kufunga shuka jeupe kati ya minazi miwili, sisi watoto tulikuwa tumeshagombania nafasi za mbele kwenye nyasi. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Alikuwepo kijana mmoja mwenye kipaza sauti, akiwasemea watu wote wa kwenye picha, wanaume kwa wanawake, hata mbuzi.

Jioni ninayoikumbuka nilikwenda na Hawe, maana ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. Hakutaka kwenda, nilimvuta. Mwanawe wa mwisho, mjomba wangu Kazungu, alikuwa vitani Bama, yaani Burma, na barua hazikuja. Lakini kilichomuuma Hawe si vita peke yake. Kazungu alijiandikisha alipotoka kazini bandarini, akapanda lori na wenzake bila kupita nyumbani. Nyumbani kwetu mtoto akisafiri, mama hupiga funda la maji akampulizia kifuani, kisha humwambia aende salama, arudi salama. Kazungu aliondoka na kifua kikavu. Hawe aliyasema hayo kila siku, akipepeta, akikuna nazi, mpaka mama yangu akawa anamwambia, "Mama, basi, utajiuguza."

Picha ya jioni ile ilikuwa ya mkulima mmoja maskini, mrefu, suruali imejaa viraka hata huijui nguo yenyewe ni ipi. Gari la tajiri linakwama matopeni, analivuta kwa ng'ombe wake, na tajiri anampa bunda la noti. Lo! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ananunua kitanda cha chuma, kumbe hakipiti mlangoni, basi analala nje na mbuzi wanapanda kulala naye. Ananunua baiskeli asiyojua kuipanda, anaikokota sokoni huku akipiga kengele watu wampishe. Kila akimpita mama yake anavua kofia, na yule kijana wa kipaza sauti anasema, "Shikamoo, mama!" Hawe anajibu, "Marahaba, mwanangu." Watu wakageuka kumtazama. "Mnatazama nini?" akawauliza. "Kijana kaniamkia, nimwache?" Mara ya tatu akina mama wote uwanjani wakaitikia marahaba pamoja naye.

Kisha yule mkulima akafunga sanduku lake, anahamia mjini. Akatoka mbio kuwahi gari moshi, na mama yake yuko uani anatwanga, hana habari. Hawe akasimama. Nikamshika leso. "Hawe, ni picha tu!"

"Najua ni picha, mimi si mjinga," akasema. "Lakini ana mama."

Akachukua kibuyu cha maji cha jirani, akapita katikati ya watu, akasimama kando ya shuka pale mtu yule alipokuwa akingoja stesheni. Akapiga funda, akampulizia kifuani. "Nenda salama, urudi salama." Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu. Lakini hakuna aliyecheka, maana nusu ya akina mama waliokuwa pale walikuwa na watoto vitani. Yule kijana akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, "Ahsante, mama. Nimepokea."

Tangu jioni ile Hawe alipata usingizi. Hakusema tena habari za kifua kikavu, na mara moja moja nilimsikia akiimba jikoni.

Barua ililetwa mahindi yakiwa yamebeba. Mimi ndiye niliyejua kusoma pale nyumbani, basi nikapewa. Ilisema Kazungu amefariki, ikataja na tarehe. Nikahesabu moyoni. Alikuwa amekufa wiki mbili kabla ya gari la sinema kuja.

Hawe hakulia kwanza. "Sidi," akaniita, "ni kabla ya sinema, au baada?"

Niliitazama ile karatasi kana kwamba natafuta. "Baada, Hawe."

Akashusha pumzi. "Basi nilimuwahi," akasema, ndipo akalia.

Siku hizi wajukuu wangu hutazama sinema kitandani, kila mmoja na simu yake, na wakicheka hucheka peke yao. Ndege zinapita juu ya paa letu zikiwapeleka vijana wetu Uarabuni kutafuta riziki, na habari ikija, njema au mbaya, inakuja na saa na dakika zake, kila mtu anajisomea mwenyewe. Ni afadhali hivyo, sibishi. Nimefundisha shule miaka mingi, na nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko wangu. Kanisani nimeungama mengi, mengine ya kuchekesha. Hilo moja sijaliungama, wala sina nia.