Hassan Wawili, Faduma Wawili

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya kupakia rangi ukuta, mpya, bado ina bei ya dukani. Karani Mkuu wa mahakama ya Kadhi hapa Garissa, mtu mrefu mwenye kofia ya viua na sauti ya kukwaruza, alinipeleka chumba cha nyuma akanionyesha rafu zilizojaa vitabu vilivyofungwa kwa kamba za katani.

"Mchwa wameanza kula," akasema. "Kila ukurasa upige brashi, polepole. Ukimaliza ndipo tutakuita karani."

"Kwa kawaida inachukua muda gani?"

"Mimi mwenyewe sijamaliza," akajibu, akaenda zake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa hapa hapa mjini. Baba yangu alilima ndizi kando ya Tana. Kisomali nilikiokota kwa majirani wa bulla yetu, yaani mtaa wetu, nikiwa mtoto, na herufi za Kiarabu nilizipata chuoni kwa maalim. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonipa kazi, kwa sababu vitabu vya zamani viliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na makarani wengi wa rika langu hawakuweza kuvisoma.

Nyinyi mnaoingia kazini leo mnabonyeza jina nalo linajitokeza. Sisi tulikuwa na sijili, yaani kile kitabu kikubwa cha ndoa na talaka: jina la bwana, jina la bibi, walii anayemwozesha, mashahidi, mahari. Tulikuwa na faili za mirathi, zinazoeleza nani kamrithi nani. Na tulikuwa na wasia. Wasia ni maagizo ya mtu kuhusu sehemu ya mali yake akishakufa. Haizidi theluthi, wala haandikiwi mtu ambaye tayari ni mrithi. Kwa hiyo humo ndimo utakamowakuta wale ambao mirathi haiwataji: mkwe, mtoto wa kulea, mjukuu aliyefiwa na baba. Kutoka katika vitabu hivyo tulijenga shajara, mti wa ukoo, tukimpandisha mtu kwa baba yake na babu yake mpaka Kadhi aridhike.

Baada ya muda nilihamishiwa Mandera. Kadhi wa kule alikuwa mzee mcheshi aliyependa kutoka ofisini, na mara kwa mara tulipanda Land Rover ya serikali kwenda kusikiliza kesi vijijini. Siku moja tulikuwa Takaba, tumeketi kwenye baraza ya duka. Nikasimama na faili nikaita, "Mohamed Ali Hussein!" Wakainuka wanaume watatu, na wa nne akaitikia kutoka ndani ya duka. Watu wakaangua kicheko. Mwenye duka akaniuliza kwa Kisomali, "Unamtaka yupi, abaayo, dada yangu? Dheere, Gaab, Gurey, au huyu wangu mwenye masikio?"

Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi, Gurey ni anayetumia mkono wa kushoto. Hayo ni majina ya utani, na kwa Wasomali jina la utani humganda mtu mpaka kaburini. Kadhi alicheka kuliko wote, kisha tukiwa njiani akaniambia, "Rehema, serikali inaandika majina matatu. Wewe andika la nne, na uandike na la utani. La sivyo siku moja utamwozesha mtu mke wa jirani." Tangu siku hiyo niliandika hivyo, pembeni ya ukurasa, kwa penseli.

Niliporudi Garissa miaka ilikuwa imesogea. Karani Mkuu alikuwa amestaafu, na kiti chake nikakikalia mimi. Kadhi mpya alitoka pwani; mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kunyooka, asiyekubali jambo nusunusu. Mbele yake ndipo ilipokuja kesi ninayotaka kuwasimulia.

Kijana mmoja aitwaye Yusuf aliendesha lori la maji kupeleka kambi za Dadaab. Huko alikutana na Sahra, msichana mkimbizi aliyesimamia foleni kwenye bomba la maji. Walipendana, wazee wa pande zote wakaridhia, mahari ikakubaliwa. Wakaja kuandikisha ndoa. Yusuf alikuja na Mzee Bashir, ndugu wa baba yake, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa amefariki. Sahra alikuja na eddo yake Khadija, dada wa baba yake, aliyemlea. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa wakati wa kukimbia vita.

Nikaanza kuandika. Jina la baba yake Yusuf? Hassan Abdi Nur. Nikamgeukia msichana. Jina la mama? "Faduma Hassan Abdi Nur," akasema Sahra.

Mzee Bashir akaweka bakora yake chini. Ukoo wao aliujua kuwa ni mmoja, na hilo halikumsumbua; lakini majina yote matatu alikuwa hajapata kuyasikia kwa mpangilio huo. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Karani, ngoja kwanza. Ndugu yangu huyo Hassan, kabla ya kuoa mama ya Yusuf, alikaa Afmadow, ngambo ya mpaka. Alioa huko, jina ya ile bibi mimi sijui. Alizaa msichana, jina yake Faduma. Ile mama ilikufa, mtoto ikabaki kwa watu wa mama, mpaka fita ikaja tukapoteza yeye. Kama huyu ni mtoto ya Faduma yetu, basi Yusuf ni mjomba yake. Mimi sitaki fita na kijana yangu. Lakini haramu ni haramu."

Yusuf alikuwa amevaa kanzu mpya. Eddo Khadija alijifunika uso. Alijua tu kwamba wifi yake, mama wa Sahra, alikuwa wa ukoo huo. Upande wa baba yake, zaidi ya majina hayo matatu hakuwahi kuambiwa.

Kadhi aliahirisha ndoa. Akaniita faraghani. "Bi Rehema, ama tuna Hassan mmoja ama tuna wawili. Sitafungisha ndoa kwa kudhani, na sitaivunja kwa kudhani. Nitafutie."

Nilipotoka nilimkuta Sahra peke yake ukumbini. Nilimtarajia analia, lakini alikuwa mkavu wa macho. "Nikiwa mpwa wake nitamwamkia kama mjomba na nitanyamaza," akaniambia. "Lakini nisinyang'anywe mume kwa sababu ya jina tu."

Nilianza na bibi yake. Eddo Khadija alikumbuka kwamba mama yake Faduma, yaani bibi mzaa mama wa Sahra, aliitwa Habiba Omar, na alikuwa mtu wa upande wa Ijara kabla ya kuhamia na mume wake ng'ambo. Kwetu ofisini Habiba Omar hakuwepo. Lakini ndoa za kule zilikuwa zikiandikwa na msajili msaidizi wa Masalani, naye alibaki na kitabu chake. Mvua zilikuwa zimekata barabara, basi nikazungukia upande wa Hola, nikavuka Tana kwa mtumbwi, faili nimeifunga ndani ya karatasi ya nailoni.

Msajili wa Masalani alikuwa imamu mzee aliyetunza vitabu vyake ndani ya sanduku la bati lililojaa majani ya mwarobaini. Hakuna mchwa aliyethubutu. Siku nzima tulisoma pamoja, yeye akifuata mistari kwa kidole. Tukaipata ndoa: Hassan Abdi Nur na Habiba Omar. Majina matatu tu! Nilihisi kama mtu aliyetembea jangwani akafika kwenye kisima kikavu.

"Subiri," imamu akasema. "Babake huyu bwana alikufa hapa. Huenda aliusia."

Na kweli aliusia. Ng'ombe mmoja wa maziwa kwa "Habiba binti Omar, mke wa mwanangu Hassan." Mkwe si mrithi, ndiyo maana alitajwa. Na chini, kwa sababu wasia hutakiwa usiwe na utata, mzee yule alikuwa ameandikwa kikamilifu: Abdi Nur Warsame.

Warsame! Nilipiga kelele mpaka imamu akaniambia niteremshe sauti, watu wanasali. Nilikuwa nimekwisha kuandika abtirsi ya Mzee Bashir, yaani ule mlolongo wa mababu ambao Msomali hufundishwa kuutaja tangu utotoni. Wa kwao alikuwa Abdi Nur Guleed. Ukoo ni mmoja, lakini Nur hawa ni wawili, Abdi hawa ni wawili, na Hassan hawa ni wawili.

Niliporudi Garissa nikamwekea Kadhi shajara mezani. Aliitazama kwa muda mrefu. "Mashaallah, umefanya kazi," akasema. Ila Mzee Bashir, aliyekuwa ameketi pembeni, alitikisa kichwa.

"Hiyo ya Habiba ni maneno ya Khadija," akasema. "Khadija ni mama mzuri, lakini anataka harusi. Mimi nauliza moja tu. Kama huyu si mtoto ya Faduma yetu, Faduma yetu iko wapi?"

Hakuwa anatuwekea ngumu. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeuliza kitu alichokiulizia moyoni miaka mingi. Kadhi akasema, "Swali lake ni la haki."

Kwenye orodha za kambi Faduma Hassan walikuwa wamejaa tele. Ningeweza kuzunguka mwaka mzima. Ndipo nikaikumbuka Takaba. Nikamuuliza Mzee Bashir, "Ndugu yako, kule Afmadow, walimwitaje?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Gurey. Alikuwa anachinja kwa mkono ya kushoto, watu wanamgombeza."

Nikaenda Dadaab pamoja na msafara wa magari uliosindikizwa na polisi, nikamfuata Sahra bombani. Nikamweleza. Hakungoja nimalize. "Nipe jina hilo," akasema. "Hapa hakuna anayeishi bila maji." Akawa kila mwanamke anayetua ndoo anamuuliza: Je, unamjua Faduma ina Gurey, binti wa Gurey, wa Afmadow? Wao wakaulizana na wengine, mtaa kwa mtaa, kambi kwa kambi. Alikuwa anamtafuta mtu ambaye asipopatikana ndoa yake imekufa, na ambaye huenda akapatikana kaburini. Hata hivyo aliuliza.

Jibu lilikuja kabla sijaondoka, kupitia kwa muuza maziwa. Katika kambi nyingine kulikuwa na mama mwenye kibanda cha chai, watu wakimwita Ina Gurey. Nilipofika alikuwa anapuliza moto. Nikamwuliza jina la baba yake. "Hassan," akasema bila kuinua uso. "Alikwenda Garissa. Alisema atarudi kunichukua."

Tulimleta mahakamani. Kadhi hakumwambia Mzee Bashir lolote. Alimwomba tu yule mama ataje abtirsi yake. Mama akasimama, akashika ncha ya shungi lake, akaanza: Faduma, Hassan, Abdi, Nur, Guleed... Alipofika kwa Guleed, sauti ya pili ikaingia. Mzee Bashir alikuwa anataja pamoja naye, jina kwa jina, mpaka mwisho, wote wawili kwa pumzi moja.

Kisha mzee akamuuliza kwa Kisomali, taratibu, "Baba yako alikuwa akikuitaje nyumbani?"

"Dahabo," akasema. Maana yake dhahabu.

Mzee Bashir akaegemea ukuta. "Siku anakufa aliita Dahabo, Dahabo," akasema. "Sisi tulifikiri anaulizia dhahabu. Tulifungua hata masanduku." Akamkumbatia mabegani, akilia bila kuficha, naye Yusuf akabaki amesimama, kijana mzima mwenye ndevu, anamtazama dada ambaye hakuwahi kumwona.

Dahabo ndiye aliyetukumbusha tulichokusanyikia. Alijifuta machozi, akamtazama Sahra aliyejikunyata kando ya mlango. "Huyu ndiye aliyenitafuta?" akauliza. "Basi mnangoja nini? Mwozesheni ndugu yangu!"

Kadhi alicheka mpaka kofia ikamlegea. Walii wa Sahra, mzee wa upande wa baba yake, aliitwa, na ndoa ikafungwa, Mzee Bashir shahidi wa kwanza. Niliandika majina manne ya kila mtu, kwa wino. Vigelegele vya akina mama viliwatoa makarani wa ofisi za jirani nje kuja kuona kuna nini.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilitumikia Makadhi wengine, wapole na wakali, nikawafundisha vijana kusoma herufi zile, nikaona kompyuta zikiingia. Sina kinyongo nazo. Kesi za kugombania mali zilikuwa nyingi, na nyingi nimezisahau. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, lakini sifa ninayoithamini hakuitaja mtu: kwamba kwa kazi yangu watu waliwapata jamaa zao. Kijana anayedhani kazi ya makaratasi ni kazi ya kulala, namwambia nimeipenda kwa sababu kila jina nililoliandika lilikuwa na mtu nyuma yake, na wakati mwingine mtu huyo alikuwa hai, anapuliza moto, anangoja aulizwe.

Mwaka jana binti wa Sahra alichumbiwa. Alikuja nyumbani kunialika, tukanywa chai. Nikamtania: "Utaulizwa ukoo. Wa baba najua unaujua. Wa mama je?"

Akakaa wima, akaanza. Sahra, Faduma, Habiba. Hapo ndipo vitabu vyangu vilipoishia, nikafungua mdomo nimpongeze. Lakini yeye hakusimama. Alitaja mama yake Habiba, na mama wa mama huyo, na mwingine tena, wanawake wa Ijara ambao sikuwahi kuwaona katika sijili yoyote. Alikuwa ameshuka mwenyewe mpaka Ijara kuwauliza bibi zake.

Nikamwambia ngoja, ataje tena polepole, nikaenda kutafuta kalamu.